Sisimizi kwenye kopo la bibi: kwa nini wazee wetu wenye sukari wanafika hospitali wakiwa wamechelewa

SEHEMU YA 1



Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu sukari kwa wazee. Inboksi imejaa swali moja tu, linakuja kwa sura tofauti: "Sista, mama mkwe amekonda, anakunywa maji usiku kucha, ukimwambia hospitali anakasirika. Nifanyeje?" Nilidhani nitajibu kwa mistari mitano. Nimekaa na simu siku mbili nikaona mistari mitano haitoshi, kwa sababu huyo mama mkwe hajaanza kukataa hospitali jana. Kukataa kwake kuna historia. Ukiijua utaweza kuongea naye bila kugombana.

Lakini kama una mgonjwa ndani sasa hivi, usisubiri sehemu ya mwisho. Mzee aliyekuwa na kiu isiyoisha, anakojoa sana, amekonda, halafu sasa ameanza kutapika, au anapumua kwa nguvu kama aliyepanda mlima, au anasinzia mchana kutwa, au anaongea mambo yasiyoeleweka: huyo ni wa hospitali leo. Siyo kesho asubuhi, siyo baada ya ibada. Acha kusoma, mpeleke. Tuliobaki tuendelee.

Juzi nikiwa zamu ya usiku aliingia mkamwana mmoja na mama mkwe wake. Wametoka Muleba vijijini, wamekodi Probox, bibi amelazwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mkamwana. Mkononi mkamwana ameshika chupa ya soda imebaki robo. "Sista, hana nguvu, nimekuwa nampa soda njia nzima apate nguvu." Nikamchoma bibi kidole. Mashine ikafikiri, halafu ikaandika HI. Yaani sukari imepita pale mashine inapoweza kuhesabu. Kwa mashine nyingi maana yake ni zaidi ya 33. Mtu mzima asiye na sukari, kabla ya kula, anasoma chini ya 7.

Huyu bibi alikuwa hajawahi kupimwa sukari maisha yake yote. Ana miaka 71.

Mkamwana aliponiona nimebadilika uso akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni soda?" Nikamwambia, mwanangu, soda imeongeza, lakini haikuanza leo.

SEHEMU YA 2

Niwaambie kwa nini jambo hili linaniuma kuliko kazi nyingine.

Mwaka 1999 nilikuwa darasa la tatu, naishi kwa bibi mzaa baba, Muleba. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya mgomba kama nyumba zote za Uhaya, choo kiko mbali kidogo nyuma, na usiku mwanamke wa umri ule hatoki nje. Alikuwa na kopo lake chini ya kitanda. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kulimwaga na kulisuuza.

Nikaanza kuona sisimizi. Mstari wa sisimizi unatoka ukutani, unapita chini ya kitanda, unaingia kwenye kopo. Siku ya kwanza nilicheka. Binamu yangu akasema bibi anakojoa chai ya sukari, tukacheka wote, bibi mwenyewe akacheka. Kopo nalo likawa linajaa mpaka akaomba la pili.

Baadaye akakonda. Gomesi zikawa zinamning'inia. Watu wakaacha kukaa karibu naye kwenye misiba. Sikuelewa kwa nini. Mashangazi walikuwa wakija wanaongea jikoni kwa sauti ya chini, wakiniona wananyamaza. Hakupelekwa popote mpaka asubuhi aliyoshindwa kuamka. Wanaume wakamfunga kwenye machela ya miti wakaanza safari. Walirudi naye kabla ya saa sita.

Nilipokuwa chuo cha uuguzi, mwalimu akifundisha kisukari, akataja kama mzaha tu kwamba waganga wa India ya kale walikuwa wanatambua ugonjwa huu kwa kuangalia kama sisimizi wanaufuata mkojo. Darasa likacheka. Mimi niliweka kalamu chini.

Hakuna aliyempima bibi, na mimi sitasema kama daktari kwamba nimempima leo. Lakini nililimwaga lile kopo kila siku kwa miezi. Dalili ilikuwa mikononi mwangu, na hakuna mtu mzima pale nyumbani aliyekuwa ameambiwa kwamba ni dalili.

SEHEMU YA 3

Sasa turudi nyuma kabisa. Nitakimbia, msichoke.

Ugonjwa huu si wa kisasa na si "wa wazungu" kama baadhi yenu mnavyoandika. Wamisri wa kale, kwenye maandishi ya tiba ya mwaka 1550 hivi kabla ya Kristo, walitaja watu wanaokojoa kupita kiasi. Wahindi waliuita kwa jina lenye maana ya mkojo wa asali, na ndio hao wa sisimizi. Daktari Aretaeus wa Kapadokia, katika karne za mwanzo baada ya Kristo, aliueleza kama mwili unaoyeyuka na kutoka kwa njia ya mkojo. Mwaka 1674 daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa hawa ni mtamu. Aliujuaje? Kwa kuuonja. Jamani, mnaolalamika kwamba kuchomwa kidole kunauma, shukuruni.

Kuujua na kuutibu ni mambo mawili. Miaka yote hiyo mtu akigundulika, kilichofuata kilikuwa kusubiri tu.

Hapa kwetu je? Ng'ambo ya mpaka, Kampala, kulikuwa na daktari mmisionari Albert Cook aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897. Mnajua sisi wa Bukoba na Waganda ni majirani wa damu, njia ile tumeipita vizazi vyote. Mwaka 1901 Cook aliandika orodha ya magonjwa aliyoyakuta Uganda, na kuhusu kisukari alisema mambo mawili: hakionekani mara nyingi, na kinapoonekana kinaua sana.

Hayo mawili yamekaa vichwani mwa watu wetu kuliko tunavyodhani. Kama ugonjwa hauonekani mara nyingi, hakuna anayeufikiria. Na kama kila aliyeupata alikufa, basi anayeambiwa "una sukari" anasikia hukumu. Bibi yako akisema "bora nisipime nisijue," hajakosa akili. Anaongea kama mtu ambaye wakubwa zake waliona hivyo, na kwa wakati wao walikuwa sahihi.

Ila wakati wao umepita. Ulipita zaidi ya miaka 100 iliyopita, na habari hiyo haijamfikia.

SEHEMU YA 4

Habari yenyewe ni hii.

Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho. Kongosho ni kile kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Yule mbwa akaanza kukojoa hovyo, na mkojo ulipopimwa ulikuwa na sukari. Kumbe siri iko kwenye kongosho. Madaktari wengi wakajaribu kutengeneza dawa kutoka kongosho za wanyama, wakashindwa.

Mwaka 1921, Toronto, Kanada, daktari kijana Frederick Banting na mwanafunzi Charles Best, kwenye maabara ya profesa Macleod, wakafanikiwa kutoa maji ya kongosho yaliyoshusha sukari ya mbwa. Januari 11, 1922 wakamchoma sindano mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson. Alikuwa na kilo 29 hivi. Mkiwa na mtoto wa miaka 14 nyumbani mtaelewa hizo kilo. Tiba ya wakati ule ilikuwa kumnyima mgonjwa chakula karibu chote, ili asife kwa sukari haraka. Kwa hiyo alikuwa anakufa kwa njaa polepole.

Sindano ya kwanza haikufanya vizuri. Dawa ilikuwa chafu, ikamvimbisha pale ilipoingia. Mtaalamu wa kemia, James Collip, akakesha kuisafisha. Januari 23 wakarudia. Safari hii sukari ikashuka, mtoto akapata nguvu. Aliishi miaka mingine 13.

Insulini ndiyo hiyo. Walioigundua waliuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, ili dawa isiwe ya matajiri. Siku ya Kisukari Duniani, tarehe 14 Novemba, ni siku aliyozaliwa Banting.

Kwa wale mnaosema "ukianza insulini ndio mwisho": historia inasema kinyume. Insulini ilikuja kwa watu waliokuwa wamefika mwisho, ikawarudisha. Tunaihusisha na kifo kwa sababu huku kwetu mtu anapelekwa kuipata akiwa tayari anakata roho. Akifa, lawama inaangukia sindano.

Vidonge vilikuja baadaye. Metformin, kile kidonge kikubwa cheupe ambacho bibi wengi wanakijua, ilianza kutumika kwa wagonjwa nchini Ufaransa mwaka 1957 kwa kazi ya daktari Jean Sterne. Asili ya utafiti wake ni mmea uliokuwa ukitumiwa na watu wa kijijini Ulaya. Kwa hiyo mzee akikuambia "miti shamba inatibu," usimcheke. Mwambie: ni kweli, bibi, hata kidonge hiki chanzo chake ni mmea, lakini ule mmea wenyewe ulikuwa na sumu, ndio maana wakatafuta kipimo chake. Wazee wa Kihaya wanaelewa neno kipimo.

SEHEMU YA 5

Dawa ipo tangu 1922. Kwa nini bibi wa Muleba anafika na HI kwenye mashine karne moja baadaye? Nina sababu tatu, na zote ni za hapa hapa Kagera.

Ya kwanza ni malaria. Muleba yetu imepigwa na milipuko mikubwa ya malaria, mpaka kuanzia 2007 nyumba zikaanza kupuliziwa dawa ukutani. Wengi mnakumbuka mnavyotoa vyombo nje. Kwa vizazi vingi, mtu akilegea hapa jina la ugonjwa lilikuwa moja. Bibi niliyewasimulia, yule wa Probox, alikuwa amekunywa dozi mbili za malaria ndani ya mwezi. Alikokwenda kwanza, palipo karibu na kwake, walimpa dawa wakamrudisha. Sitataja wapi na haisaidii kutaja. Nesi yule yuko peke yake na foleni ya watoto wenye homa mlangoni, naye amelelewa na historia hiyo hiyo. Ila wewe unayempeleka mzee unaweza kuibadilisha kwa sentensi moja. Sema: "Sista, naomba na sukari apimwe." Haina aibu. Tone moja la damu, dakika haiishi.

Ya pili ni ngumu kuandika, lakini nitaiandika.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa hapa Kagera, hospitali ya Ndolage, Muleba. Kabla haujapata jina la kitaalamu watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zinatoka Uganda wakati wa magendo baada ya vita. Nyie mliozaliwa juzi hamjui ilivyokuwa. Nyumba zilifungwa. Bibi walilea wajukuu watano, sita, wa watoto wao wenyewe waliowazika. Na dalili iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa moja: kukonda.

Sasa fikirieni mama wa miaka 60 mwaka 1999, sukari inamkondesha. Majirani wanaona nini? Yeye mwenyewe anahofia nini? Anajifunga kanga mbili ili aonekane mnene. Anakaa ndani. Akiitwa hospitali anakataa, maana hospitali ndiko kunakotoka majibu.

Hii ndiyo sauti niliyokuwa naisikia jikoni kwa mashangazi zangu. Niliielewa nikiwa na miaka 24.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na leo watu wanaishi nazo mpaka wanaona vitukuu. Lakini hofu haiondoki kwa tangazo. Yule bibi wa Probox, alipopata fahamu siku ya pili, swali lake la kwanza halikuwa "nitapona?" Alinishika mkono akauliza polepole, "Waitu, mmenikuta nao?" Miaka 71, mjane, anakaa na hofu hiyo kitandani miezi yote ile, hamwambii mtu. Nikamwambia hapana bibi, ni sukari. Alilia kwa furaha. Kwa furaha, jamani, ya kuambiwa ana kisukari.

Kwa hiyo mkamwana, ukimwambia mama mkwe "umekonda, twende hospitali," jua anasikia kitu kingine. Usianze na kukonda. Anza na kiu. Mwambie, "Mama, naona maji yanakusumbua usiku, nimesikia kuna kipimo cha kidole cha sukari, twende tukapime wote wawili." Na wewe pima kweli.

SEHEMU YA 6

Sababu ya tatu ni pesa na njia.

Baada ya uhuru, na zaidi baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilijenga zahanati vijijini na matibabu yake yakawa bure. Mama zetu wamekulia humo. Mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa kuchangia gharama hospitali za serikali. Kwa mzee anayetegemea kahawa, na bei ya kahawa mnaijua inavyocheza, hospitali ikawa kitu cha kuuza mbuzi. Wazee wengi bado wanahesabu hivyo: "Nikienda, mtauza nini?"

Lakini pia kuna jambo ambalo hawakuambiwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 na sera za afya zilizofuata zinasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali. Dawa wakati mwingine hakuna dirishani, hilo sitawadanganya. Ila fungueni mlango huo kabla ya kuuza mbuzi: ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali, mkiwa na kitambulisho kinachoonyesha umri wake. Na kadi ya bima ikatwe wakati bibi ni mzima. Ukiitafuta saa nane usiku huipati.

Njia nayo. Zamani rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, ilikuwa kulala kwenye meli. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilipozama, baada ya hapo kuna wazee waliapa hawatapanda tena, hata kwa matibabu. Mpaka leo Muleba ina visiwa, ukiwa Bumbire upepo ndio unaamua kama utaona daktari leo. Msilaumu watu wa visiwani kwa kuchelewa. Wao ndio wanapaswa kuwahi kuondoka kuliko sisi wote.

Je, ugonjwa wenyewe umeongezeka au tumeanza tu kuuona? Vyote viwili. Miaka ya 1980 pale Muhimbili daktari Donald McLarty na Andrew Swai na wenzao walianza kufuatilia wagonjwa wa kisukari kwa daftari. Kati ya 1981 na 1987 waliandikisha 1,250 wapya. Halafu wakatoka kwenda vijijini: vijiji sita, watu wazima zaidi ya 6,000, wakakuta wenye kisukari hawafiki hata 1 kwa kila 100. Matokeo yakatoka 1989. Chama cha Kisukari Tanzania kilikuwa kimeshaanzishwa, 1985. Mwaka 2012 nchi ikapimwa tena, watu wa miaka 25 hadi 64, mjini na kijijini: 9 kwa kila 100 walikuwa na sukari juu. Waliopimwa si walewale, kwa hiyo usitoe moja kwa nyingine kama hesabu ya darasani. Ila mwelekeo unauona.

Msiulaumu mgomba. Bibi zetu walikula ndizi na maharage toka enzi na enzi. Walikuwa wanaenda kisimani kwa miguu, wanalima, na soda ilikuwa ya Krismasi. Leo soda ni ya kila mgeni, chai ina vijiko vinne, na bodaboda inatupeleka hata kanisani. Na tunaishi miaka mingi zaidi, jambo la kumshukuru Mungu, lakini sukari inapenda umri.

SEHEMU YA 7, YA MWISHO

Turudi kwa bibi wa Probox. Mnajua tulimtibu kwa nini kwanza? Maji.

Sukari ikipanda sana inatoka na mkojo, na inaondoka na maji ya mwili. Mzee anakauka kama nguo juani: ulimi unakuwa mkavu, macho yanaingia ndani, ubongo unakosa maji, anaanza kusinzia na kuchanganyikiwa. Watu wanasema amerogwa au "uzee umemwingia". Kwa hiyo dripu ndiyo inayotangulia, insulini inafuata taratibu.

Hata hiyo "taratibu" ina historia. Miaka ya zamani madaktari walichoma insulini nyingi mno kwa mpigo. Mwaka 1973 George Alberti na wenzake Uingereza walionyesha kwamba dozi ndogo kila saa, hata kwa sindano ya kwenye msuli, inatosha. Kwa hospitali ndogo isiyo na mashine za kisasa hilo lilikuwa jambo kubwa. Na huyo Alberti ndiye aliyekuja kushirikiana na kina McLarty na Swai kwenye utafiti wa vile vijiji sita. Kwa hiyo usiku ule nilipokuwa namsogelea bibi kila saa na sindano ndogo, nilikuwa natumia kazi ya watu waliojua vijiji vyetu.

Siku ya kumi alitoka kwa miguu yake. Mkamwana alibeba beseni, bibi alibeba kadi ya kliniki mwenyewe, hakutaka kumpa mtu.

Sasa yaandikeni haya, au pigeni picha ya skrini.

Dalili za kupimwa wiki hii: kiu kali, kukojoa sana usiku, kukonda huku anakula, kidonda kisichopona, macho kufifia, ganzi miguuni, kuwashwa sehemu za siri kunakorudi kila mara. Na ndiyo, sisimizi pale anapokojoa. Watoto wakiwaambia wameona sisimizi, msicheke kama tulivyocheka sisi.

Dalili za kuondoka saa hii: kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua haraka na kwa kina, harufu ya matunda mabivu mdomoni, kusinzia, kuchanganyikiwa, degedege, kushindwa kunywa.

Mnapoondoka:

Kama ameamka vizuri na anameza, mpe maji ya kawaida kidogo kidogo. Siyo soda, siyo juisi, siyo glukosi ya dukani.

Isipokuwa hapa, someni vizuri: kama mzee tayari anatumia dawa za sukari au insulini, akatoka jasho la baridi, anatetemeka, anachanganyikiwa ghafla, hiyo inaweza kuwa sukari imeshuka. Huyo, kama anameza, mpe maji ya sukari au soda haraka, na bado mpeleke. Kushuka kunaua upesi kuliko kupanda.

Asiyejitambua usimwagie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu, njia ya hewa iwe wazi.

Nendeni kwenye kituo cha karibu chenye kipimo, waanze dripu na kuandika rufaa. Kama hakuna kipimo wala dripu, msikae pale kusubiri, endeleeni hadi hospitali. Muleba kuna Rubya, Ndolage na Kagondo, si lazima kila mtu akimbilie Bukoba mjini. Namba 115 mnayoijua ni ya wajawazito na watoto wachanga, kwa hiyo usafiri wa bibi upangeni kabla: dereva nani, simu yake ipi, mafuta nani anatoa. Ongeeni kwenye kikundi cha ukoo leo.

Bebeni dawa zote anazotumia, na za kienyeji pia. Hatutawagombeza. Tunataka tu kujua.

Mkifika semeni kwa ufupi: "Ana kiu na kukojoa sana kwa wiki kadhaa, amekonda, tangu jana anasinzia. Hajawahi kupimwa sukari." Ukisema hivyo umenirahisishia nusu ya kazi.

Jumapili hii wengi mtakuwa nyumbani kwa wazazi. Baada ya kula, wakati wa kahawa, muulizeni bibi anaamka mara ngapi usiku. Akisema mara moja, mshukuruni Mungu. Akisema nne, tano, msibishane naye pale pale. Jumatatu asubuhi mpelekeni akapime akiwa hajala, na mmoja wenu apime naye.

Mimi Jumatatu niko zamu ya asubuhi. Maswali yawekeni hapa chini, nitajibu nikitoka.